Mtu wa Hapa Hapigi Hodi

Mjukuu wangu alikuja kwangu Jumatatu asubuhi na maiti. Akailaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akavuta kiti, akaniuliza kama kuna chai. Maiti yenyewe ilikuwa karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Niliisogeza kidogo isipate chaki, nikaendelea na pindo langu.

"Bibi, hili onyesho limekufa," akasema.

Nikampa pole, nikamuuliza mazishi ni lini. Akasema Ijumaa saa nne, mbele ya watu wote.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu ana mjukuu mwenye kazi ya ajabu kama huyu wangu. Yeye ni mwandishi wa tamthilia ya televisheni, ile inayowafanya majirani zangu waunguze sufuria kila jioni. Wako waandishi wanne, na kila mmoja amepewa nyumba yake ya kuiandikia. Mmoja ana nyumba ya tajiri, mwingine ya daktari, wa tatu ana mwenye nyumba na wapangaji wake. Mjukuu wangu, kwa kuwa ndiye mgeni, alipewa nyumba ambayo wenzake waliikimbia: Mama peke yake na sufuria zake, na binti aliyetoroka miaka sita iliyopita kwenda kuolewa na fundi magari ambaye Mama hakumtaka. Sasa Binti anarudi. Hilo ndilo onyesho la kumi na nne. Watu wanalisubiri kama mvua, na mjukuu wangu ameliandika, na limekufa.

Mkubwa wa waandishi anapenda kuitwa Mwalimu. Hajawahi kumfundisha hata kuku kuingia bandani. Mimi humwita Semina, kwa sababu alihudhuria semina moja ya siku tatu ya kuandika skripti, akarudi na cheti, na tangu hapo hamalizi sentensi bila neno "mbinu". Cheti kiko ukutani juu ya kiti chake, kimewekewa kioo. Namfahamu vizuri kwa sababu mimi ndiye ninayerekebisha mavazi ya waigizaji wake. Kazi yake na yangu ni moja, kufupisha na kurefusha, ila mimi napima kwanza.

Semina ana dawa moja ya mhusika aliyekwama, nayo ni lori. Mwandishi akishindwa kujua mtu wake afanye nini, Semina anamgongesha. Mwaka huu peke yake lori lilikwisha kumpitia shangazi mmoja, mwalimu wa hesabu, na mapacha ambao hata barabarani hawakuwepo. Safari hii alisema waziwazi: onyesho lisipoamka kufikia usomaji wa Ijumaa, Mama anaingia chini ya lori na nyumba yake inafungwa. Nyumba ikifungwa, mwandishi wake ataandika nini? Kwa hiyo mjukuu wangu naye alikuwa amesimama katikati ya barabara. Baba yake, mwanangu wa pili, hakuwa na wasiwasi. Alikwisha kumtafutia kiti cha kupokea wageni ofisini kwa rafiki yake. Kiti kizuri, alisema, kinazunguka.

"Haya, nisomee marehemu," nikamwambia.

Akasoma. Mama amekaa. Binti anaingia. Binti anasema: Mama, nimerudi, najua nilikukosea nilipotoroka miaka sita iliyopita kwenda kuolewa na fundi magari uliyenikataza. Mama anajibu: ndiyo mwanangu, ulitoroka miaka sita iliyopita kwenda kuolewa na fundi magari niliyekukataza, na moyo wangu uliumia sana. Binti anasema na wake uliumia. Mama analia. Binti analia. Wakaendelea kuumia kwa zamu mpaka ukurasa wa nne.

Nilimuuliza kama hawa wawili wamegongwa kichwani, maana kila mmoja anamhadithia mwenzake jambo ambalo mwenzake alikuwepo likitokea. Akanijibu kwamba wanaeleza kwa ajili ya watazamaji. Nikasema basi watugeukie sisi watazamaji watuambie moja kwa moja, wao wenyewe wapumzike. Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito, kwa sababu huyu mke mwenzangu, ndivyo ninavyomtania tangu yuko kwenye nepi, hucheka hata akichomwa sindano.

Mbinu ya kwanza ya Semina ilifika kwenye simu kabla chai haijapoa. Aliituma kwa sauti, kwa kuwa kuandika humchosha, jambo jema sana kwa mkubwa wa waandishi. Onyesho likikwama, alisema, badilisha hali ya hewa, lete mvua. Mjukuu wangu akaleta mvua. Tukasoma. Sasa walikuwa watu wawili waliolowa wakiambiana mambo wanayoyajua.

Jumanne ikaja nyingine: mpe mhusika siri. Akampa Mama ugonjwa wa moyo. Kufika mchana siri ikaonekana ndogo, akamwongezea pacha. Mama akawa na ugonjwa wa moyo na pacha, na bado amekaa kwenye kiti kile kile. Ikaja ya tatu: lete kitu cha kuwashtua. Simu ikalia. Mama akapokea, akasema umekosea namba, akakata, wakarudi kwenye kuumia kwao walipoachia. Jumatano asubuhi: weka kisu mezani. Kisu kikawekwa. Hakuna aliyekigusa, na nadhani nacho kilikuwa kinasubiri kuambiwa kimefuata nini. Karatasi nne zikawa tisa. Sijawahi kuona marehemu anayenenepa namna ile.

Mimi siku zote hizo nilikuwa na sketi ya msichana anayecheza Binti. Zipu ya ubavuni ilikuwa imevimba. Fundi aliyeishona kabla yangu aliona imevimba, akaweka kifungo juu yake. Kifungo kikakaa upande, akaweka ua la kitambaa kukificha kifungo. Ukiitazama kwa mbali ungedhani mvaaji amebeba kabichi. Jumatano mchana nikachukua wembe nikaanza kufumua. Nikatoa ua, nikatoa kifungo, nikatoa zipu, nikafika kwenye mshono wa kwanza kabisa. Kosa lilikuwa limelala pale pale kwa raha zake: upande mmoja ulikatwa ukazidi mwenzake kwa nusu inchi.

Mjukuu wangu alikuwa ameshika tama ananitazama. Akauliza kwa nini nabomoa nguo iliyokuwa karibu kwisha. Nikamwambia kwamba ningependa kuweka ua la pili, lakini nguo imejaa.

Akazitazama karatasi zake tisa. Akachukua kalamu akafuta kisu. Akafuta simu. Akamfuta pacha, Mungu amrehemu, hatukuwahi hata kumfahamu. Ugonjwa ukapona. Mvua ikakatika. Yakabaki maneno manne: Mama amekaa. Binti anaingia.

"Ameingiaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo Binti. Humo ndani ameingiaje?"

"Kwa mlango, Bibi. Si imeandikwa, Binti anaingia."

"Amepiga hodi?"

Akanieleza, kwa ule upole wa kumvusha mzee barabara, kwamba hodi zimepigwa marufuku. Ndiyo mbinu namba moja ya Semina, imebandikwa kwa wino mwekundu chini ya cheti: ingia umechelewa, toka mapema. Salamu ni mafuta, kata. Hodi ni mafuta, kata. Basi nikaelewa kwa nini katika tamthilia ile watu wote huingia nyumba za wenzao kama mbuzi. Miaka mitatu naitazama, sijasikia hodi hata moja. Tajiri anaingiliwa, daktari anaingiliwa, mwenye nyumba aliingiliwa yuko bafuni na hakuna aliyeomba radhi. Nilidhani labda ni mji wa watu wasiolelewa.

"Na hata bila hiyo mbinu," akaongeza, "pale ni kwao. Nani anapiga hodi kwao?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mke mwenzangu. Pale bado ni kwao?"

Akaanza kuuliza polepole, na sidhani alikuwa ananiuliza mimi. Akipiga hodi, si atakuwa amekubali kwamba yeye ni mgeni? Nikasema ehe. Na asipopiga, si atakuwa anajifanya hakuondoka? Nikasema ehe. Na Mama akimjibu karibu, si atakuwa amemkaribisha mwanawe kama anavyomkaribisha mtu wa kusoma mita? Nikamwambia kwamba mwandishi ni yeye, mimi nina zipu.

Akaondoka bila kunywa chai. Nikainywa mimi.

Alhamisi alirudi na kurasa mbili, macho mekundu. Mama hakuwa amekaa tena. Alikuwa anasugua sufuria, ameupa mlango mgongo, kwa hiyo alikuwa na shughuli na hakulazimika kulia mara moja. Binti alikuwa nje. Anainua mkono agonge, anaushusha. Anainua tena. Anapiga hodi. Mama anauliza nani. Binti anasema ni mimi. Na Mama, bila kugeuka, anamwambia mtu wa hapa hapigi hodi.

Niliposikia hilo nilisimamisha cherehani. Nilitaka kumpongeza, lakini alikuwa hajamaliza, na bahati yangu nilinyamaza, maana palepale Mama aliangusha sufuria, akakimbia, akaufungua mlango kwa mikono miwili na kusema kwamba kwa miaka sita hajawahi kuufunga mlango huo akimsubiri mwanawe. Wakakumbatiana. Nadhani hata mvua ilirudi.

Nilimuuliza kama huyu Mama wa chini ya ukurasa ni yule yule wa juu au ni yule pacha amefufuka. Mwanamke amekaa miaka sita hataki hata kutajiwa jina la mtoto, leo kwa nusu dakika amemwaga mtama wote. Mjukuu wangu akakasirika. Akasema watazamaji wanataka kuona mapenzi, na mimi nina moyo wa chuma. Nikamwambia ndiyo, wa cherehani. Tukabishana mpaka karibu saa saba. Yeye anasema Mama anataka mwanawe aingie, mimi nasema sawa, nani hataki. Akaniuliza kwa hasira, sasa tatizo ni nini?

"Anataka aingie. Lakini hataki kuwa yeye aliyemwambia aingie."

Ndipo akaja mteja, mwalimu wa shule ya jirani, kufuata suruali yake. Mlango wangu umeshuka bawaba siku nyingi. Bila kuunyanyua kwanza haufunguki. Sisi wa nyumba hii hatukumbuki hata kwamba tunaunyanyua, mkono unajua wenyewe. Wateja husukuma tu. Mwalimu akapiga hodi, nikamkaribisha, akasukuma. Akasukuma tena kwa bega, kwa elimu yake yote. Ikabidi niinuke nimfungulie. Nilipogeuka baada ya kumpa suruali yake, mjukuu wangu alikuwa amelala juu ya karatasi anaandika. Nikachungulia, akaziba kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani. Akasema nitasikia Ijumaa, kama watu wengine.

Nashukuru sana, nikamwambia. Wiki nzima nimelea maiti, siku ya kufufuka nafukuzwa chumbani.

Ijumaa nilikwenda na mfuko wa mavazi, maana nilikuwa na gauni la Mama la kulipima. Chumba cha usomaji kina meza ndefu, viti vya plastiki vya rangi tatu, na feni inayopuliza upande mmoja tu, upande wa Semina. Mwigizaji anayecheza Mama, wenzake humwita Machozi. Mtu mzima, mpole, na machozi yake yako karibu kama bomba la uani. Ukimwambia analia, analia, ukimwambia basi, anafuta. Alisimama kando ya meza na skripti mkononi huku mimi nimepiga magoti natia pini kwenye pindo lake. Mlangoni alikuwa amekaa dereva wa lori. Aliambiwa aje achukue ratiba, aelezwe anamgonga nani na saa ngapi.

Wakaanza. Kijana wa kusoma maelezo akasoma kwamba Mama anasugua sufuria, ameupa mlango mgongo. Msichana wa Binti akasema hodi.

Semina akagonga meza kwa kalamu. Akasema hapo hapo tusimame. Akauliza ni mara ngapi amefundisha kuhusu hodi. Akageuka akauonyesha ukuta, wino mwekundu, kila mtu akautazama ukuta. Akasema hodi inakula sekunde nne, ifutwe, tuanzie ndani.

Mjukuu wangu alikuwa kiti cha mwisho, kile chenye mguu uliopasuka. Namjua. Katika kikao huyu mtoto hata akikanyagwa huomba samahani. Nilishika pini mdomoni nikasubiri kusikia sawa Mwalimu.

"Haifutwi," akasema.

Semina akauliza kama amesikia vibaya.

"Hodi haifutwi, Mwalimu. Ukiifuta hakuna onyesho. Kama ni lazima kitu kifutwe, nifute mimi."

Sauti ilimtetemeka mpaka mguu wa kiti ukalia. Waandishi wenzake watatu, watu wenye elimu na miwani, wote kwa pamoja wakagundua kwamba wana kitu cha kutafuta chini ya meza. Machozi ndiye aliyesema, kwa upole wake, kwamba basi na tusome mpaka mwisho, Mwalimu, kwa sababu fundi bado hajamaliza pindo na yeye hawezi kutoka pale. Mimi pindo nilikuwa nimelimaliza. Nikatoa pini mbili nikaanza upya.

Wakarudia. Hodi. Nani. Ni mimi. Machozi akavuta pumzi, akasema, "Mtu wa hapa hapigi hodi." Kijana akasoma kwamba Binti anabaki amesimama nje, kwamba sufuria inasuguliwa kwa nguvu, kisha inanyamaza. Feni ikasikika. Halafu Machozi akasoma ule mstari niliozibiwa kwa kiganja:

"Mlango ni ule ule."

Na kijana akasoma: Binti anashika kitasa. Anaunyanyua mlango kidogo, ndipo anasukuma. Mlango unafunguka. Mwisho wa onyesho.

Nikamtazama Machozi juu usoni. Macho makavu. Miaka mitatu namtia pini, sijawahi kumwona anamaliza onyesho na uso mkavu, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa natafuta kitambaa. Nilitumia mkono wa gauni lake, usinisemee.

Dereva wa lori akasema pale mlangoni, kwa sauti ya chini, kama anajiambia, "Kumbe bado anajua kuufungua."

Hapo Semina akajua kwamba onyesho limeamka, kwa sababu dereva yule siku zote husinzia. Akakohoa. Akajiweka sawa kitini. Akasema kwamba hiki hasa ndicho alichokuwa anakisisitiza wiki nzima: mvua, siri, kisu, vyote vilikuwa njia ya kumleta mwandishi kwenye mlango. Akasema mbinu hii ataipa jina. Waandishi watatu wakatoka chini ya meza, wakafungua madaftari waliandike jina hilo. Mama akaachwa hai, nyumba yake ikaachwa wazi, na mjukuu wangu akapewa maonyesho mengine kumi na mawili. Lori wakalipeleka kwa mwenye nyumba, ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote.

Nikamuuliza mjukuu wangu njiani kama hakuumia, mtu mwingine kuvaa nguo aliyoshona yeye. Akasema Bibi, mwache aivae, sisi tuna kitambaa. Majibu hayo sijui kayatoa wapi. Baba yake akapiga simu kuuliza, akaambiwa kile kiti kinachozunguka ampe mwenye kukihitaji. Alisikitika sana. Alikuwa ameshawaambia watu.

Jumatatu akarudi mezani kwangu. Onyesho la kumi na tano: Binti yuko ndani, mlango umefungwa nyuma yake, na wanawake wawili wana jikoni moja. Alikuwa na mstari mmoja tu, na kalamu imesimama. Mimi, kwa kuwa sasa nilikwisha kuwa mtaalamu, sikungoja kuulizwa. Nikashauri Mama amvutie mwanawe kiti, amwambie akae apumzike, ametoka mbali. Niliona ni wazo zuri. Niliona hata machozi yangependeza hapo, kidogo tu.

"Hapana, Bibi," akasema bila kuinua macho. "Huyu hawezi kumwambia akae. Atampa sufuria asugue."

Nikataka kubisha. Sababu nilikuwa nazo, tena tatu. Lakini alikuwa ameshainama, kalamu inakimbia, anasema kwa midomo maneno ya Mama, anakunja uso kama Mama. Nikahamishia mkasi na chaki yangu upande wa dirisha ili apate nafasi, nikaenda kuweka maji ya chai.